Chaja Mkobani

"Mliiacha betri ya pikipiki ya umeme ikichaji na nyumbani hakuna mtu," alisema mkaguzi wa bima, akitazama jiko lililoungua mpaka dari. "Hapo bima hailipi."

"Chaja nilitoka nayo," alisema Shangazi. "Kila nikitoka naitia mkobani. Watu wa humu siwaamini."

"Una ushahidi?"

Ndugu waliojazana mlangoni wakainamisha vichwa.

Wifi yake akakohoa, akatoa simu shingo upande. "Nilimpiga picha kule harusini. Nikaituma kwenye kundi la familia, tumcheke."

Mkaguzi akaikuza picha kwa vidole viwili. Shangazi kajipamba, kajaa kitini, na waya mweusi wa chaja unaning'inia kutoka mkobani mpaka sakafuni. Ilitumwa saa nane na dakika tano mchana. Zimamoto walikuwa wameandika kwamba moto ulianza saa nane na nusu.

Shangazi akavuta kiti, akakaa. "Soma na ulichoandika chini yake, wifi."

"Mwenzenu kaja harusini na mkia," wifi akanong'ona.

"Rudia kwa sauti, dada," alisema mkaguzi, akifungua kalamu. "Hiyo naiandika kwenye fomu."