Joka Lenye Magoti

Siku hizi riwaya ya fantasia haichapishwi mpaka mtambo uzigeuze kurasa zake kuwa kiumbe hai, na kiumbe huyo asimame mwenyewe sebuleni kwa mwandishi. Majoka yangu mawili ya kwanza yaliporomoka kama uji. Mume wangu, Shekue, alideki sakafu bila kununa.

"Umeyapa moto na mabawa," alisema. "Hujayapa magoti."

Basi nikaacha kusoma majoka ya wenzangu, nikawa namtazama mama mkwe akiinuka mkekani: mkono mmoja chini, kiuno kwanza, kisha mguno. Nikauandika hata ule mguno.

Leo asubuhi mtambo ulifunguka. Joka likaweka kucha chini, likainua kiuno, likaguna, likasimama. Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Shekue akalitupa dekio nje. Mimi nililia tu, maana miaka yote naambiwa sina kipaji.

Joka likatutazama mmoja mmoja, likaishia kwangu.

"Mama yangu yuko wapi?"

Nilikuwa nimemuua katika sura ya kwanza, ili hadithi ichangamke. Vigelegele vikakatika. Mama mkwe naye akanigeukia, akisubiri jibu.