Jedwali la Guleid

Kwenye kompyuta ya kushoto, Bare alikuwa amepatikana. Kwenye kompyuta ya kulia, Bare alikuwa hajulikani alipo.

Faili lilikuwa lile lile. Sharifo alilifunga, akalifungua tena, kwanza huku, halafu kule. Majina hayakubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni upande tu: waliokuwa chini ya "Waliopatikana" kwenye skrini moja walikaa chini ya "Wasiojulikana walipo" kwenye nyingine.

"Abdirahim," aliita bila kugeuka. "Njoo uone."

Abdirahim aliacha chai yake, akaja kusimama nyuma ya kiti. Ofisi yao ya misaada mjini Garissa ilikuwa na programu mbili za kuandikia, moja ya kununua na moja ya bure, kwa sababu kila kituo kilitumia yake, na faili lililotoka huku zuri lilifika kule limevurugika. Kazi ya Sharifo ilikuwa hiyo: kupokea, kufungua kwa programu zote mbili, kulinganisha, kurudisha jibu. Wiki nzima alikuwa akitumiana mafaili na Guleid wa Modogashe.

"Ameanza tena na bismillahi kwa Kiarabu," alisema Abdirahim. "Nilimwambia huyu mtu, bismillahi aisome kimoyomoyo! Programu moja ikiona Kiarabu inageuza jedwali lote lianzie kulia."

"Na vichwa vya safu amevichapa nje ya jedwali."

"Basi vichwa vinabaki, majina yanahama."

Hakuna aliyecheka.

Jana lori lililotoka Modogashe na mbuzi na watu lilisombwa na maji kwenye laga, ule mto mkavu ambao mwaka mzima watu huuvuka kwa miguu. Mnara wa simu wa Modogashe nao ukaanguka. Kilichobaki ni dishi la setilaiti kwenye kituo cha Guleid, nalo hufanya kazi jenereta ikiwashwa. Guleid aliahidi kutuma orodha. Sasa faili limefika, na maneno machache juu yake: "Angalia kama limekaa sawa."

"Yeye anatumia programu ya bure," alisema Abdirahim. "Tuamini ya bure."

"Kompyuta yake imelowa. Leo anatumia simu, na hajasema ni programu gani."

Sharifo aliandika: "Guleid, kwako wewe Bare yuko safu gani?" Akatuma. Jibu halikuja.

Aliyatazama majina yalivyogawanyika, nusu huku, nusu kule, yamenyooka kama wanafunzi gwarideni. Kila aliyepona kwenye skrini moja alipotea kwenye nyingine.

Nje barazani alikaa Weris, mama yake Bare. Bare alikuwa utingo wa lile lori. Weris alikuja asubuhi na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia, akawamiminia wote kabla ya kuuliza lolote, na kikombe kingine akampelekea askari wa getini. Askari naye akawa anamsogezea kiti kila kivuli kilipohama. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo.

Sasa Weris alikuwa amesimama mlangoni.

"Abaayo, dada yangu, nimesikia mnataja jina la mwanangu."

Sharifo aligeuka kumwambia angoje kidogo, lakini mama alikwisha kuingia. Abdirahim alisogea taratibu mpaka mgongo wake ukaiziba skrini ya kulia, na mkono wake ukapapasa nyuma yake kutafuta kitufe cha kuizima.

Weris aliiinamia skrini iliyobaki. Hakwenda shule, lakini Bare alimfundisha kulitambua jina lake kwenye simu, ili ajue ni yeye anayepiga. Kidole cha mama kilishuka polepole juu ya majina, kikasimama.

"Huyu ndiye."

"Ndiye, hooyo," Sharifo alimwitikia kama anayemwitikia mama yake.

"Na hapa juu pameandikwa nini?"

Sharifo angeweza kumweleza habari za programu mbili, za Kiarabu, za safu zinazohama. Aliutazama ule mkono uliomletea chai. Kidole kilikuwa bado juu ya jina.

"Waliopatikana," alisoma. Ndivyo palivyoandikwa.

Weris alisema alhamdulillahi mara moja tu, kwa sauti ndogo, kisha akashuka hapo hapo kwenye saruji akasujudu. Alipoinuka aliushika uso wa Sharifo kwa mikono miwili.

"Mungu akupe watoto," alimwambia, "na watoto wakuache ulale."

Kisha akatoka. Walimsikia uani akimpigia simu mkwewe wa hapo mjini, mke wa Bare, akipaza sauti kana kwamba anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Batula! Acha kulia, wewe! Wamempata! Waambie wamchinje yule mbuzi mweusi, na majirani wote waitwe!" Vigelegele vilitoka ndani ya simu vikafika mpaka dirishani.

"Nimefanya nini?" alinong'ona Sharifo.

"Umesoma kilichoandikwa," alisema Abdirahim. "Na huenda ni kweli. Kuna nusu ya kweli."

Hakuiwasha tena skrini ya kulia.

Kompyuta ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Guleid.

"Samahani, jenereta ilizimika. Sijaelewa swali lako kuhusu Bare. Hilo ni jedwali la kujaribu tu. Nilichukua majina ya waliopanda lori nikayamwaga popote, nione kama safu zinakaa. Wakianza kutafutwa nitakuandikia. Mashua bado haijafika."