Njahi ya Waruguru na Dawa ya Mgongo

Haya niliyapata kwa Wangechi Jumapili iliyopita, tukingoja mvua iishe pale mlangoni mwa kanisa. Aliniapisha nisimwambie mama yake. Wewe si mama yake, kwa hivyo kaa hapo nikwambie.

Mama yake ni Waruguru, wa hapa Kamenu. Asubuhi ile Waruguru alikuwa ameifunika kompyuta kwa kitambaa cha kufuma, kile cha kochi, naye ameingiza kichwa humo chini kama mtu anayejifukiza homa.

"Auma!" aliita kutoka ndani ya kitambaa. "Geuka uangalie nje. Umegeuka?"

"Nimegeuka, Mami."

Auma ni mke wa Zacharia, kijana wa Waruguru. Alikuwa ametoka Mwiki, kule Ruiru, kuja kusaidia kupokea wageni. Kusaidia maana yake kumenya vitunguu na kuosha sufuria. Tangu aolewe, hajawahi kuachiwa mwiko katika nyumba hiyo. "Watu wa kwao wanajua samaki tu," Waruguru alikuwa akisema, tena Auma akisikia.

Mchana kina mama wa kanisa wangekuja kula, wakiongozwa na Dianah. Kanisa jipya lilikuwa karibu kufunguliwa, na jiko la siku ya kulifungua lingekuwa la Dianah au la Waruguru. Kilichompa Waruguru jina ni njahi yake, yale maharagwe meusi, ya tui la nazi. Alisema ni mapishi ya cucu yake, yaani nyanya yake.

"Cucu wako alitoa nazi wapi huko Gatundu?" Dianah alimuuliza siku moja mbele ya watu.

"Kulikuwa na duka la Mhindi," Waruguru akajibu, akaulizia afya ya watoto.

Ukweli ni kwamba mapishi hayo aliyatoa kwenye mtandao, kwa bibi mmoja anayejiita Nyanya Perez. Ukurasa huo aliuhifadhi kwenye kompyuta, akaupa jina "Dawa ya Mgongo" ili mtu asiufungue. Kila akipika lazima ausome tena, maana ukikosea wakati wa kutia tui, linakatika. Akikwama humwandikia bibi swali pale chini, kwa jina la Mama wa Kamenu, naye humjibu kwa upole na kumwita "mwanangu."

Basi wiki hiyo kivinjari cha zamani kikagoma. Zacharia akaweka kingine, akaenda kazini bila kuhamisha kurasa zilizohifadhiwa. Kutafuta upya Waruguru hajui. Yeye hujua kubonyeza pale alipobonyeza jana. Na wa kumsaidia alikuwa Auma peke yake.

"Haya, nifanye nini?"

"Bonyeza zile nukta tatu kule juu, Mami. Kuna mahali pameandikwa 'import.'"

"Nitahamisha moja moja?"

"Zinakuja zote pamoja. Ni kama kuhama na kabati bila kutoa nguo."

Kitambaa kikatingishika.

"Hiki kiduara kinazunguka tu! Nibonyeze tena?"

"Usiiharakishe, Mami. Haina pa kwenda."

Kiduara kikasimama. Waruguru akaangalia asione kitu.

"Ngai! Zimepotea zote!"

"Hazijapotea. Tafuta folda yenye jina la ile ya zamani, ufungue."

Akafungua. Nyimbo za kanisa. Hali ya hewa. Magonjwa ya kuku. "Iko wapi ile ya mgongo?" akajiuliza, kumbe kwa sauti.

"Huo mgongo, Mami," Auma akasema, bado ameangalia mabati ya jirani, "mbona hukuuma siku za wageni tu?"

"Menya vitunguu!"

Ukurasa ukafunguka. Mstari wa kwanza ulisema: Njahi usiiharakishe, haina pa kwenda. Waruguru akashusha pumzi, akatoka kitambaani nywele zimesimama, akaenda kuwasha moto.

Mchana Dianah alikula sahani ya kwanza kimya. Ya pili akasema ile ya kwanza alikuwa anaonja tu. Ya tatu alinyoosha mkono tu.

"Jiko ni lako," akakubali mwishowe, akifuta mdomo. "Lakini hiyo siri utazikwa nayo?"

"Nitamwachia mtu wa damu yangu," Waruguru akasema, huku Auma akipita katikati yao kukusanya sahani.

Wageni walipoondoka, Waruguru alijitupa kwenye kochi, akavuta kitambaa na kompyuta, akaandika kwa kidole kimoja. Halafu akavua viatu, na muda si muda alikuwa anakoroma.

Jikoni, simu ikatetemeka ndani ya mfuko wa aproni. Auma akafuta povu mikononi, akasoma: "Nyanya, leo njahi imenipa heshima. Mke wa mwanangu alikuwa hapo hapo na hakuona kitu."

"Hongera, mwanangu," akajibu. "Lakini huyo msichana siku moja mpe mwiko, hata kama ni kujaribu tu. Ni mimi, Nyanya Perez." Kisha akalaza kichwa mezani, kando ya vitunguu vilivyobaki, akalala.