Kisanduku cha Jaji Sikudhani

Sheria ilikuwa hiyo: jaji anayesikiliza shauri la mfungwa aliyeshikiliwa nchi nyingine hula chakula kile kile anachopewa mfungwa, mpaka mfungwa huyo atoke gerezani. Basi kila adhuhuri droni ilishusha kisanduku barazani kwa Jaji Sikudhani, huko Mtwara. Ndani mlikuwa na uji wa shayiri na kipande cha mkate mkavu kama kigae.

Mumewe, Hemedi, aliyekuwa akila wali wa nazi pembeni yake, hakuacha kuchungulia.

"Mama Zuhura, leo wamempa nini?"

Siku moja walikuta kitunguu kizima. Wakakigeuzageuza, wakijiuliza ni nani huko jikoni aliyemwonea huruma yule bwana.

Jumatatu Sikudhani alitoa hukumu: mfungwa aachiwe huru. Jumanne uji ukaja vile vile. Jumatano ukaja nusu bakuli. Alhamisi droni haikutokea kabisa.

"Alhamdulillahi, wamemtoa!" Hemedi akampakulia mkewe wali, akaijaza sahani.

Sikudhani aliutazama mpaka ukapoa.

"Baba Zuhura," akauliza, "kwani aliyekufa naye hupelekewa chakula?"