Sura ya Ambokile

Siku alipotimiza miaka kumi na minane, Subilaga alikuja kudai sura yake, yaani kila picha aliyowahi kupigwa, kama sheria inavyomruhusu kila mtu afikapo umri huo. Picha zake za mtandaoni zilikuwa zimejifuta zenyewe asubuhi. Zilibaki za mama yake, Tumpe, aliyezipiga kwa filamu na kuzisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza.

"Ulinitundika kwenye maonyesho nikiwa uchi ndani ya beseni, nalia, watu wazima wanakunywa mvinyo. Toa zote!"

"Hizo ndizo zilizokusomesha."

"Bora ningebaki mjinga, lakini nimevaa nguo."

Tumpe alizibwaga mezani negativu, vile vipande vya filamu vya kusafishia picha, kasoro kimoja. Ndani yake marehemu mumewe, Ambokile, alikuwa amembeba mtoto, shavu kwa shavu. Hakuwa na picha yake nyingine. Alichukua mkasi.

"Nakukata wewe tu. Baba yako namwacha."

"Thubutu! Sura ya marehemu hurithiwa na mtoto, Mama, si mjane. Kasome sheria."

Tumpe alikuwa ameisoma. Alichotumaini ni kwamba binti yake hakufika kwenye kifungu hicho.