Mpaka Saa Sita

Mkasi alikuwa akiizunguka kompyuta tangu asubuhi. Katika ligi yao ya kubuni ya mpira wa kikapu, inayochezwa kwenye kompyuta, mkataba wa Kombo, mchezaji wa timu yake, ulikuwa umekwisha na timu nyingine ilikuwa imemtaka. Mpaka saa sita mchana Mkasi afikie dau lao, au amwachie. Marehemu mumewe ndiye aliyemuunda mchezaji huyo, akampa jina lake mwenyewe.

Wifi yake Salha, anayetabiri matokeo ya ligi, alikuwa ameandika kwenye ukurasa wao: "Mkasi hamwachii."

Mkasi akampigia. "Umejuaje, wifi?"

"Kwani utamwachia kaka?"

"Kwangu anakaa benchi tu, Salha. Kule atacheza."

"Basi mwache acheze."

Saa saba picha ya Kombo ikatokea, kavaa jezi ya kijani ya timu yake mpya. Mkasi akasimama, akakaa, akaanza kutafuta timu ile itacheza lini.