Handaki la Waingereza

Jemadari wa Ufaransa alianguka kifudifudi kwenye matope, na debe alilovaa kichwani likamshuka hadi mabegani.

"Mwacheni hapo hapo!" alifoka mwenye koti na miwani. "Mfaransa akianguka hainuki. Chuma kizito. Sivyo?"

"Ndivyo, Mwalimu!" wakaitikia watu wa Kitaya, wakubwa kwa wadogo.

Hakuna aliyeshika daftari, maana somo lenyewe kila mtu alilijua. Mwalimu Gaudensi alilifundisha tangu kijiji cha ujamaa kilipoanza na shule ikaezekwa makuti: Waingereza na Wafaransa, mwaka 1415, shamba lililolowa katikati ya misitu miwili. Mkaguzi wa shule alimwonya kwamba mambo ya wazungu yamefutwa, watoto wafundishwe Maji Maji. Gaudensi akamjibu kwamba hayo si mambo ya wazungu. Ni wakulima wenye pinde waliowapiga mabwanyenye wenye farasi. Mkaguzi akaandika "Siasa: vizuri sana," akapanda baiskeli yake akaenda.

Siku hii vita vilipiganwa nyuma ya shule, penye mikorosho. Wafaransa walivaa madebe na sufuria za wake zao, wakabebana mgongoni, maana farasi Kitaya hawakuwapo. Waingereza walisimama na pinde za mianzi nyuma ya handaki, juu ya udongo mbichi.

"Mwalimu," alisema Mwenyekiti Jumanne, "siku zote tunasikia Waingereza walichimbia vigingi. Handaki limetoka wapi?"

"Leo lipo. Nimelichimba kwa mikono yangu asubuhi, likae bure?"

Watu wakacheka. Handaki halikuwa kitu kigeni. Siku zile mizinga ya Wareno ilisikika ng'ambo ya Ruvuma, na karibu kila nyumba ilikuwa na lake.

Rozalia, mke wa Mwalimu, hakucheka. Alikaa mkekani kati ya wanawake, khanga ameivuta hadi kwenye nyusi. Tangu juzi hakuwa ametamka neno. Uji aliowekewa na Anna, mdogo wake, ulikuwa umeganda utando.

"Nuna, dada, ni haki yako," Anna alimnong'oneza. "Lakini sema hata neno moja. Unatutisha."

Mwenye koti akamsogelea. Koti lilimbana makwapani, na kwa ile miwani alikuwa akijikwaa kwenye kila mzizi.

"Mama mwenye nyumba hanitaki," aliwatangazia watu. "Amenipikia mihogo miaka yote, leo hata salamu hanipi. Nimekosa nini? Nimempiga? Nimeoa mwingine Mikindani?"

"Labda!" akapiga kelele Mwingereza mmoja.

"Nyamaza wewe, kaptula imekuchanika nyuma."

Wanawake wakaziba midomo na khanga zao. Rozalia akatazama chini.

Mwenye koti akamwangalia kidogo. Kisha akageuka, akaruka ndani ya handaki, akalala chali kama yuko kitandani kwake.

"Vita vimekwisha!" sauti yake ikatoka chini. "Wafaransa wameshinda."

Kelele zikalipuka. Jemadari wa Ufaransa mwenyewe akainua debe. "Mwalimu, sisi si tumekufa?"

"Mmekufa huku mmeshinda. Lala."

"Toka humo," alisema Mwenyekiti. "Jua linashuka na kazi bado."

"Sitoki. Wafaransa wameshinda. Waingereza wametupa pinde, wameogelea Ruvuma, sasa hivi wanakunywa chai kwa Wareno. Watoto wote wa Kitaya watafundishwa hivyo, mpaka anayejua zaidi anisahihishe. Na si wewe, Mwenyekiti. Wewe hata tarehe hujui."

Mdomo wa Rozalia ulitikisika.

"Tena mfalme wa Waingereza alikuwa mwoga. Alijificha jikoni. Na mvua haikunyesha. Palikuwa pakavu, vumbi tupu..."

"Mwongo!"

Sauti ilikwaruza kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Rozalia alikuwa amesimama, khanga imemwangukia mabegani.

"Mwongo mkubwa! Vumbi la wapi? Mvua ilinyesha usiku kucha! Matope yakafika magotini, Wafaransa wakasukumana kama mbuzi mlangoni, mishale ikawashukia, wakaisha! Mimi nasonga ugali nasikia matope, nalala nasikia matope, leo uniambie Wafaransa?" Akavuta pumzi. "Na umeondoka bila kuaga. Nimekugeukia nikuongeze uji, umeshaondoka. Ndivyo mtu anavyofanya?"

Alikuwa anacheka. Mara kicheko kikakatika katikati, yakaja machozi, mengi, kwa sauti, na Anna akamkumbatia wakaenda chini pamoja.

Mwenyekiti akashusha pumzi.

"Haya," alisema mwenye koti. "Sasa nitoeni."

Mfaransa mmoja na Mwingereza mmoja wakampa mikono, wakamvuta juu. Akajikung'uta udongo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Akavua na koti, akalikunja vizuri, akavipeleka vyote mkekani.

"Pokea, Mama," alisema Shaibu, fundi baiskeli wa Kiyao, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Mtani wangu mavazi yalimshinda, lakini vita vyake alivijua."

Rozalia akalipokea koti, akaliweka mapajani.

Katekista akafungua kitabu. Wafaransa wakavua madebe, Waingereza wakaweka pinde chini, wakashika kamba za jeneza pamoja, wakamshusha Mwalimu Gaudensi polepole ndani ya handaki.